Wanajua tensi zote lakini mdomo haufunguki: darasa la jioni la Kiingereza kwa watu wazima, Mwanza

Ticha wa Buzuruga (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa kitaalamu kutoka kwa mliokwisha kufundisha Kiingereza watu wazima, maana kwa watoto wa shule naona ni mambo mengine kabisa.

Nimesomea ualimu wa sekondari. Sasa nina darasa la jioni hapa Buzuruga: wanafunzi 24, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 11:30 jioni hadi saa 1:00 usiku. Wengi waliishia kidato cha nne. Kuna wahudumu wa hoteli na wa mapokezi, wafanyabiashara wa dagaa na mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, madereva wawili wa watalii, fundi simu, na muuguzi mmoja anayetaka kwenda Uingereza. Chumba kina mabenchi na ubao wa chaki. Projekta hakuna, umeme ni wa kubahatisha.

Ukiwapa zoezi la kugeuza sentensi kutoka kauli ya kutenda kwenda ya kutendwa, wanapata. Ukimwuliza mtu Jumapili alifanya nini, anaangalia dari. Maswali yangu: dakika 90 nizigawe vipi? Nitawapimaje wakati viwango vimepishana hivi? Matamshi niyape uzito gani? Na hivi vyeti vya TEFL, vya kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni, vinavyouzwa mitandaoni vina maana yoyote kwangu?

Nawasilisha.

---

Mzee wa Andalio

Ticha, kabla hujagusa andalio la somo piga hesabu hii. Dakika 90, watu 24. Ukizungumza wewe nusu ya kipindi, zinabaki 45. Ukiwasimamisha mmoja mmoja, kila mtu anapata chini ya dakika 2 na wenzake 23 wanamtazama. Kwa vipindi vitatu vya wiki hafikishi hata dakika 6. Wakizungumza wawili wawili kwa dakika 20 tu, kila mmoja kapata kama dakika 10 kwa kipindi kimoja. Sarufi wanayo, nafasi ya kuitumia ndiyo hawana.

Mabenchi yasikutishe. Benchi la kwanza, la tatu na la tano wageuke nyuma, watazamane na benchi linalofuata. Jozi 12 zimepatikana bila kuhamisha hata mguu wa meza.

Mgawanyo unaofanya kazi kwa dakika 90 ni huu: 10 za marudio ya kipindi kilichopita, 15 za lugha mpya, 15 za mazoezi ya kuiga unayoyaongoza wewe, 30 za kazi ya kuzungumza ambapo wewe umenyamaza, 10 za makosa, 10 za kuandika. Walimu wengi hukosea kwenye zile 15 za lugha mpya. Zinavimba mpaka 40, na kinachokatwa ni zile 30.

Kwenye azimio la kazi, yaani mpango wa masomo ya muhula, usiandike "Present Perfect". Andika kazi ambayo mtu ataondoka anaiweza: kumpokea mgeni aliyeweka nafasi, kutaja bei na kupokea mapatano, kumwelekeza mtu kwenye kivuko cha Kamanga. Sarufi inayohitajika kwa kazi hiyo ndiyo utakayofundisha siku hiyo, hata kama kwenye kitabu iko sura ya kumi na mbili.

Sasa mazoezi ya kuiga. Chukua sentensi ya mhudumu wa mapokezi: "Would you like a room with a lake view?" Usiiandike kwanza. Wakiiona "would" ubaoni kabla ya kuisikia, wataitamka na ile l, na kuiondoa baadaye ni kazi. Itamke wewe mara tatu kwa kasi ya kawaida. Kisha anzia mkiani: "lake view", darasa zima. "With a lake view." "A room with a lake view." "Like a room with a lake view." Mwishoni sentensi nzima. Ukianzia mwanzoni, mtu anaishiwa pumzi na kumbukumbu kwa wakati mmoja, na nusu ya pili inaliwa. Ukianzia nyuma, kila hatua anaelekea sehemu aliyokwisha kuizoea. Darasa zima, halafu upande wa kulia, upande wa kushoto, halafu mtu mmoja mmoja bila mpangilio. Ukifuata mstari wa benchi, aliye mbali anasinzia mpaka zamu yake ikaribie.

Kwa zile dakika 30 tumia kazi ya pengo. Karatasi ya A4, nusu ya juu nakala A, nusu ya chini nakala B. Buni ratiba ya kivuko: nakala A ina saa za kuondoka, haina nauli, nakala B ina nauli, haina saa. Kopi 12 zikikatwa katikati zinatosha watu 24. Kila mmoja anajaza mapengo yake kwa kumwuliza mwenzake. Masharti ni mawili: hakuna kuonyeshana karatasi, hakuna Kiswahili mpaka mapengo yote yajae.

Dakika hizo 30 zitaharibika kwa njia tatu, jiandae. Kwanza, watamaliza kwa dakika 3 kwa kurushiana neno moja moja: "Time?" "Nine." Dawa yake ni kuandika ubaoni mwanzo wa maswali matatu, na kutangaza kwamba swali lisilo kamili halijibiwi. Pili, mwenye maneno mengi atammeza mwenzake. Mpe yule mnyonge karatasi yenye majibu mengi zaidi, ili yule mwingine amhitaji. Tatu, jozi mbili zitamaliza mapema na kuanza kupiga soga. Kuwa na kazi ya nyongeza mfukoni: wabuni abiria aliyechelewa kivuko na wamshauri.

Wao wakizungumza, wewe zunguka na daftari na usiingilie. Andika unachosikia. Kwenye dakika 10 za makosa, weka ubaoni sentensi 6: nne zenye kosa, mbili sahihi, bila jina la mtu. Wawili wawili waamue ipi ni ipi. Zile mbili sahihi ni muhimu, bila hizo wanakisia tu kwamba kila kilichoandikwa ni kibovu.

Makosa ya kuanza nayo ni yale yanayompoteza msikilizaji. Mfano wa hoteli: mgeni anauliza "Don't you have a room with two beds?" Mhudumu anajibu "Yes", akiwa na maana ya ndiyo, hatuna, kama tunavyojibu kwa Kiswahili. Mgeni ameelewa chumba kipo, anasubiri ufunguo. Wazoeshe wasiishie kwenye "yes" au "no" peke yake: "No, we don't" au "Yes, we do", siku zote kwa jozi. Kosa la he na she lipo na litaendelea kuwepo muda mrefu kwa sababu Kiswahili hakitenganishi. Lirekebishe, lakini usilipe kipindi kizima. Nalo "I have arrived yesterday" linatoka moja kwa moja kwenye "nimefika jana". Msikilizaji anaelewa, kwa hiyo linaweza kusubiri wiki ya tano.

Saa haziwezi kusubiri. Saa tatu asubuhi ikitajwa "three o'clock", mtalii anafika gatini saa tisa alasiri, chombo kimeondoka tangu asubuhi. Chora saa kubwa kwenye manila, mishale ya boksi gumu na pini katikati, na kila kipindi dakika 2 za kuizungusha.

---

Kona ya Nyegezi

Mzee kamaliza upande wa kipindi, mimi niseme kupima.

Mtihani wa karatasi kwa kundi hili utakudanganya, wewe mwenyewe umesema kwenye karatasi wako vizuri. Fanya usaili wa dakika 5 kwa kila mtu. Watu 24 ni dakika 120, kwa hiyo hautoshi kipindi kimoja. Ugawe kwenye viwili, na wanaosubiri wawe wanaandika aya fupi kuhusu kazi zao. Ile aya nayo ni kipimo.

Maswali yapande ngazi. Jina, unaishi wapi, unafanya kazi gani. Kisha siku yako ya kazi ikoje, kuanzia asubuhi. Kisha Jumapili iliyopita ulifanya nini. Kisha ungepewa mtaji mara mbili ya ulionao ungebadilisha nini kwenye biashara. Mwisho, eleza tatizo moja la kazini na namna ya kulimaliza. Akishindwa mawili mfululizo, simama hapo, mshukuru, mwite mwingine. Usimkalishe mtu mzima akihangaika mbele yako, wiki ijayo hatarudi.

Kwa ngazi tumia zile za Baraza la Ulaya za mwaka 2001, A1 hadi C2, kwa sababu vitabu na sauti nyingi za bure zimepangwa hivyo. Anayeishia swali la pili ni A1. Anayeeleza Jumapili yake hata kwa makosa ni A2. Anayejibu lile la mtaji kwa sentensi zinazoungana ni B1. Usishangae mtu anayesoma kwa B1 akazungumza kwa A1. Mpange kwa anavyozungumza.

Rekodi kila usaili kwa simu, kwa ruhusa yake. Baada ya wiki 12 uliza maswali yaleyale, msikilize pamoja zote mbili. Ni ushahidi mzuri kuliko cheti cha mahudhurio, na mtu akisikia tofauti analipa muhula mwingine bila kubembelezwa.

Jambo lingine, mabango. Tafadhali usiandike "ongea ung'eng'e kwa miezi mitatu". Watunga mitihani wa Cambridge wanakadiria kwamba kufika A2 kunahitaji saa 180 hadi 200 za darasani, B1 saa 350 hadi 400, B2 saa 500 hadi 600, zote zikihesabiwa tangu sifuri. Wewe una saa 4 na nusu kwa wiki. Wiki 12 ni saa 54. Kutoka A2 kwenda B1, tuseme saa 150 hadi 200, ni wiki 33 hadi 44, yaani miezi minane hadi kumi bila mapengo. Ahadi ya wiki 12 iwe kazi, kwa mfano: utampokea mgeni, utamwandikisha na utamjibu malalamiko matatu ya kawaida. Hiyo inatimizika.

---

Mama Mkazo

Matamshi, mwalimu, yape dakika 5 hadi 8 kila kipindi, na usiyatengee siku yake. Lengo lako ni msikilizaji aelewe mara ya kwanza. Lafudhi ya London haimsaidii muuza mabondo anayezungumza na mnunuzi kutoka China, maana huyo naye Kiingereza si chake.

Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza cha Uingereza kinahesabiwa kuwa na sauti za irabu kama 20, pamoja na zile zinazoteleza. Kwa hiyo wanafunzi wako husikia "bad", "bud" na "bird" kama neno moja. Mtu hawezi kutamka tofauti ambayo sikio halijaikamata, anza na sikio. Andika ubaoni safu mbili: 1 "ship", 2 "sheep". Funika mdomo kwa daftari, tamka maneno 10 kwa mchanganyiko, wao wainue kidole kimoja au viwili, wakiwa wamefumba macho wasiigane. Mpaka darasa lifikishe 8 kati ya 10, usiwaambie watamke. Wakishafika hapo, mmoja wa kila jozi anatamka, mwenzake anainua vidole. Mwenzake akikosea kuinua, mtamkaji anajua tatizo liko kwake, na wewe hujasema neno.

Namba ndizo zinazokula fedha za watu. "Thirteen" na "thirty", "fifteen" na "fifty". Mkazo wa "thirty" uko mwanzoni, wa "thirteen" unaangukia mwisho, lakini katika kuhesabu mfululizo hata huo wa "thirteen" hurudi mbele, na hapo bei inapotea. Wafanyabiashara wako wazoee kuthibitisha kwa tarakimu: "Thirteen, one-three." Na waandike kwenye kikokotoo cha simu waonyeshe. Si aibu, hata Waingereza wenyewe hutaja tarakimu mojamoja kwenye simu.

Mkazo wa maneno ni mgumu kwetu kwa sababu Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila ubaguzi. Ndiyo maana "hotel" inatamkwa na mkazo mbele. Chukua mpira wa kufungia noti, uvute kwenye silabi yenye mkazo, uulegeze kwenye nyingine: ho-TEL, cer-TI-fi-cate, de-VE-lop-ment. Kila mwanafunzi awe na wake. Utaona wanavyovuta pasipotakiwa, na utajua nani hajasikia.

Mwisho wa maneno tunapenda kuongeza irabu, "milk" inakuwa miliki. Usipambane na kila neno. Pambana na -ed na -s, kwa sababu zinabeba maana. Kwa -ed kanuni ni fupi: silabi ya ziada huja tu baada ya t au d, kama "wanted" na "needed". "Worked" inaishia na t, "cleaned" inaishia na d, zote silabi moja. Mpe kila mtu vitenzi 12 vya kazi yake avipange kwenye safu tatu.

Kwa ukanda wetu kuna r na l. Waliokulia Kisukuma wengi huweka l mahali pa r, na baadhi ya wa upande wa Mara hufanya kinyume chake. Mhudumu wa mgahawa anayetamka "fried rice" kwa l mara mbili ana tatizo la kibiashara kabisa, maana "lice" ni chawa. Kwa l, ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu na kukaa. Kwa r ya Kiingereza ulimi haugusi kitu, midomo inakusanyika kidogo. Wape kioo kidogo cha mfukoni waangalie. Na kufundisha th usianze na Kiingereza, anza na "thelathini" na "dhahabu". Zipo kwenye Kiswahili, ila bara wengi tunasema selasini na zahabu. Akiziweza hizo, "think" na "this" anazo tayari.

---

Kaka wa Igoma

Yote sawa, ila hapa mnawalea mno. Kiingereza kianze mlangoni. Anayesema Kiswahili atoe shilingi 200 kwenye kopo, mwisho wa mwezi mnunue soda. Shuleni ukisema Kiswahili ulivalishwa kibao shingoni, tukaelewa.

---

Mama Mkazo

Kaka, kwa heshima, kibao ndicho kilichowafunga hao midomo. Ukimtoza mtu kwa kusema Kiswahili, njia rahisi kuliko zote ya kuokoa shilingi zake ni kunyamaza. Mfanyabiashara wa Mwaloni atanyamaza huku anatabasamu.

Kiswahili kina kazi tatu darasani: kuhakikisha maelekezo yameeleweka, kueleza neno lisilochoreka, na kulinganisha sarufi pale kosa linapotokana nayo. Toa maelekezo kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi, kisha mwambie mwanafunzi mmoja ayaeleze kwa Kiswahili. Sekunde 20. Bila hivyo utapoteza dakika 5 jozi zikiulizana tunafanya nini. Ila wakishaingia kwenye kazi ya pengo, hapo nakubaliana nawe, Kiingereza kitupu, na wawe na misemo ya kujiokoa ukutani kwenye manila: "How do you say...?", "Can you repeat that?", "Let me think." Anayekwama bila hiyo misemo hukimbilia Kiswahili kwa sababu hana pengine pa kwenda.

---

Ticha wa Buzuruga

Aisee, asanteni sana walimu. Nimeanza kuchora ile ratiba ya kivuko.

Mawili yamebaki. Wa dagaa wanakuja kwa mkupuo halafu wanapotea karibu wiki mbili, wakirudi wameachwa. Na kusikiliza: bila umeme wa uhakika nifanyeje? Isitoshe mvua ikipiga bati hakuna anayemsikia mwenzake.

---

Mwaloni Bila Presha

Mwalimu, hao hawapotei, wanafuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika. Giza likianza mzigo unashuka alfajiri, mchana wanaanika, jioni wako hoi au wako visiwani. Kwa hiyo chukua kalenda yenye alama za mwezi, zungushia mwezi mpevu wa kila mwezi, na siku zilizo karibu nao ndizo za kufundisha vitu vipya kwa kundi hilo. Siku za giza weka marudio na kazi za WhatsApp. Wape kazi ya sauti ya sekunde 30: taja bei ya gunia, uzito, ubora, na siku ya kupakia. Isizidi hapo. Sauti ya dakika 3 hakuna atakayeisikiliza hadi mwisho, na wewe una 24.

Na maneno yao uyafahamu. Mabondo wanunuzi huita "fish maw", si "swim bladder" ya kwenye kamusi ya biolojia. Uliza wenyewe wanauza nini, daraja gani, wanapima vipi, ndipo utengeneze mazungumzo. Maneno mapya 8 hadi 10 kwa kipindi yanatosha. Kila neno liandikwe kwenye kadi ndogo, upande mmoja Kiingereza na sentensi ya kazini kwake, upande wa pili Kiswahili. Visanduku vitatu: cha kwanza kinarudiwa kila kipindi, cha pili kila wiki, cha tatu kila mwezi. Akipata, kadi inasogea mbele. Akikosa, inarudi cha kwanza, hata kama ilishafika cha tatu.

---

Mzee wa Andalio

Kusikiliza hakuhitaji projekta. Spika ndogo ya kuchaji na simu vinatosha, sauti ikishapakuliwa mapema. BBC Learning English na British Council wana sauti za bure zenye maandishi yake. Chagua kipande cha dakika 1 hadi 2, kisizidi. Andika swali moja ubaoni kabla ya kucheza: nani anazungumza na nani, kuhusu nini. Cheza. Mara ya pili maswali manne ya undani. Mara ya tatu wakiwa na maandishi mkononi, wapige mstari walipokosa kusikia. Hapo ndipo darasa lilipo, kwenye hiyo mistari. Mara nyingi neno wanalijua, wamelikosa kwa sababu limeunganishwa na jirani yake, kama "want to" inayosikika "wanna". Ukicheza bila swali wanasikiliza kila neno, wakikosa la tatu wanakata tamaa na yote yaliyobaki.

Siku ya mvua usishindane na bati. Wawe na mazungumzo ya kimya: karatasi moja kwa jozi, mmoja anaandika sentensi ya mgeni, mwenzake anajibu kwa maandishi, inapita huku na huku kwa dakika 20. Mvua ikikatika wanayasoma kwa sauti. Iandae hiyo kazi tangu mwanzo wa msimu, isikukute mikono mitupu.

---

Kapripointi Juu

Nijibu la vyeti, naona kila mtu kaliruka.

TEFL na TESOL ni majina ya aina ya mafunzo, hayana mamlaka moja inayoyamiliki, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuchapisha cheti cha "saa 120" na kukuuzia. Kabla ya kulipa uliza swali moja: kuna mazoezi ya kufundisha wanafunzi halisi huku mkufunzi anakutazama, na ni saa ngapi? Kama hakuna, unanunua usomaji. Usomaji si mbaya, lakini usilipie bei ya mafunzo. CELTA, kozi ya Cambridge ya kufundisha Kiingereza watu wazima, ina angalau saa 120 za mafunzo na saa 6 za kufundisha ukitathminiwa. Asiyezaliwa na Kiingereza anakubaliwa, mradi kiwango chake ni C2 au C1 ya juu. Kwa darasa la Buzuruga huihitaji, stashahada au shahada yako ya ualimu ina uzito zaidi hapa. Itakufaa ukitaka kazi ya kufundisha watu wazima nje, na huko wengi wataomba pia shahada ya kwanza.

Kuhusu muuguzi wako, mtoe kwenye kundi, simaanishi kumfukuza. Mtihani una mbinu zake na atawachosha wenzake. Kama ni IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza: kusikiliza maswali 40 kwa dakika 30, kusoma maswali 40 kwa dakika 60, kuandika dakika 60 kwa kazi mbili, moja maneno 150 na nyingine 250, na kuzungumza dakika 11 hadi 14. Kwa wauguzi kuna pia OET, ambayo mazingira yake ni ya hospitali, barua ya rufaa ya mgonjwa na mambo kama hayo. Kwanza ajue mwajiri au bodi anayoiendea inataka upi na alama ngapi kwa kila sehemu, kwa sababu wastani mzuri haufidii sehemu moja iliyo chini ya kiwango walichoweka. Na matokeo ya IELTS hukaa miaka 2, asikimbilie kulipia mtihani kabla makaratasi mengine hayajakaa sawa. Saa moja ya peke yake Jumamosi inamtosha, insha moja ya maneno 250 kwa wiki, aiandike kwa dakika 40 za saa ukutani, wewe umsahihishe kwa kalamu.

---

Ticha wa Buzuruga

Nashukuru wakuu. Moja la mwisho: kitabu. Wanadai kitabu, wanasema darasa lisilo na kitabu ni la kitapeli.

---

Kona ya Nyegezi

Wana haki, mtu mzima anataka kitu cha kushika. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vitakufaa wewe kama rejea ya sarufi, lakini vimepangwa kwa mtihani wa kidato, watakuwa wamerudi kulekule. Tengeneza desa lako: karatasi 2 za A4 kwa wiki, zilizotobolewa, kila mmoja na faili lake. Ukurasa wa kwanza mazungumzo ya kazini, wa pili sarufi fupi na mfano, wa tatu zoezi, wa nne uache wazi na mistari kwa sentensi zake mwenyewe. Ziandike namba za kurasa tangu wiki ya kwanza, ili wa dagaa akirudi ajue anadaiwa ukurasa gani. Gharama ya kopi iweke ndani ya ada, usiwachangishe kila Jumatatu. Na usitoe desa la wiki nzima kwa mkupuo Jumatatu, watalijaza nyumbani kwa kuigana na Ijumaa hutakuwa na kazi ya kuzungumza.